Kazi Isiyofundisha na Kazi Inayofundisha: Historia ya Kasulu na Mafunzo ya Wahandisi

Wako wenzetu wanaoamini kwamba kazi peke yake ni mwalimu wa kutosha: mpeleke kijana kiwandani, akae huko wiki chache, atarudi mtaalamu. Imani hiyo husikika kila yanapozungumzwa mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa uhandisi. Historia ya nyanda za juu za Kigoma inaikanusha. Wananchi wa Kasulu na Kibondo walifanya kazi ugenini kwa miongo mingi, wakaitumikia mitambo mikubwa ya zama zao, na walio wengi wakarudi nyumbani bila ufundi wowote mpya. Makada na wanafunzi hawana budi kuielewa sababu yake, maana tusipoielewa tutaurudia mfumo ule ule kwa jina jingine.

Kazi ya manamba

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mkoloni aliijenga ili kutoa mali ya nchi. Kutoka Buha ilitoa watu. Kodi ilidai fedha taslimu, na njia za kuipata fedha hiyo nyumbani zilikuwa chache. Kilimo cha kahawa hakikupata hapa msukumo kilioupata Kilimanjaro na Bukoba, kwa kuwa katika hesabu za watawala eneo hili lilikuwa ghala la nguvukazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuajiri vibarua, SILABU, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu lilikochukua watu. Walisafirishwa kwa malori na treni hadi mashamba ya mashariki ya nchi, wakapewa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba.

Tuichunguze kazi yenyewe. Shamba la mkonge lilikuwa pia kiwanda. Kulikuwa na korona, mashine ya kusindika majani. Kulikuwa na injini ya kuiendesha, reli ndogo ya kusombea majani, na karakana ya matengenezo. Kijana wa Kasulu aliishi jirani na vyote hivyo. Lakini mchoro wa mtambo ulikaa kwa mhandisi Mzungu, spana ilikaa kwa fundi ambaye mara nyingi hakuwa Mwafrika, na panga ndilo alilopewa yeye. Malipo yake yalifuata kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, iliyotiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku. Kipande kilihesabu siku. Alichojifunza mfanyakazi hakikuwa na nafasi kwenye kadi ile.

Huo haukuwa usahaulifu. Kibarua mwenye ujuzi angedai ujira mkubwa zaidi, na angeweza kujitegemea kwao. Unyonyaji ule ulihitaji kazi itenganishwe na maarifa.

Uhuru na shule ya kazi

Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba ukoloni ulituachia wahandisi wawili tu. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1957, na katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, masomo ya uhandisi yalikuwa Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitegemea mwaka 1970, na mwaka 1973 kikaanzisha Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani. Mazoezi ya kazi viwandani yaliwekwa ndani ya masomo yenyewe.

Wazo la kuliunganisha darasa na kiwanda lilikuwa na historia duniani. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana zamu za darasani na kiwandani. Utaratibu huo ulimpa mwanafunzi ujuzi na ujira. Vilevile ulimpa mwenye kiwanda wataalamu waliofinyangwa kwa mahitaji yake. Hivyo kuunganisha masomo na kazi hakujibu swali la msingi: ujuzi unaopatikana ni kwa faida ya nani?

Tanzania ilijaribu kulijibu swali hilo kisiasa. Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilipinga elimu ya kumtenga msomi na wananchi wenzake. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilitaka anayeingia Chuo Kikuu awe amekwisha kufanya kazi kwa angalau miaka miwili na kupata mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwanza kwa wanawake. Hata hivyo azimio lilithibitisha kwamba umma una haki ya kuuliza msomi wake ametoka wapi na anarudi wapi.

Migongano

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliviumiza viwanda vyetu. Vingi vikawa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Mwanafunzi aliyepelekwa mazoezini angeweza kukuta mtambo umesimama kwa kukosa kipuri. Pale alipokuwepo msimamizi hodari, hali hiyo nayo ilikuwa darasa: kukarabati na kuchonga kipuri hufundisha mengi. Pasipokuwa na msimamizi, kijana alishinda akitazama.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulileta mgongano mwingine. Shirika la umma lilipokea wanafunzi kama sehemu ya wajibu wake kwa taifa. Mmiliki binafsi aliweza kuwahesabu kuwa gharama, au kuwatumia kama vibarua wa bei rahisi. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahitimu, chini ya wahandisi wazoefu. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele, kwa sababu iliutambua usimamizi kuwa ndio moyo wa mafunzo.

Lakini mgongano mkubwa kwa Kasulu ni wa mahali. Nafasi za mazoezi hufuata viwanda, na viwanda vimerundikana Dar es Salaam na miji michache mingine. Kijana wa Kasulu hupita njia ile ile aliyopita babu yake manamba. Babu alipeleka mikono. Mjukuu hupeleka akili. Ikiwa naye harudi, au anarudi kusalimia tu, ghala la nguvukazi limebadili bidhaa.

Wajibu wetu

Haiwi kwamba Kasulu haina kazi ya kihandisi. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina madaraja, makalvati na upimaji wa udongo. Vilima vina chemchemi zinazofaa maji ya mserereko. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019, zina kazi za barabara na maji vijijini. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu kinaweza kumkutanisha mwanafunzi na mafundi wa vijijini, ambao nao wana la kumfundisha.

Kwa hiyo tuyapime mafunzo kwa vitendo kwa maswali matatu. Je, mwanafunzi amepewa mchoro pamoja na spana, au amepewa panga tu? Je, yuko mhandisi anayelisoma daftari lake la mazoezi na kumsahihisha, au daftari linagongwa mhuri kama kipande? Je, sehemu ya mazoezi imefanyika mahali ambapo wananchi wanahitaji maji, njia na nishati? Makada wa wilaya wayaulize maswali hayo kwa kila mkandarasi na kila idara inayofanya kazi katika eneo lao, na wadai nafasi za wanafunzi zipangwe kabla kazi haijaanza. Wanafunzi nao wayaulize vyuoni mwao, wakiwa na majina ya vijiji vyao mkononi.