Miguu Iliyofungua Njia ya Tabora

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walisema kweli, maana kidole kikijikwaa huuma, mwenyewe husimama, huinama akakitazama, na baada ya siku chache husahau. Lakini yuko mtu mmoja ambaye methali hii haimfai. Huyo ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Yeye anaweza kujikwaa asisikie. Kwa hiyo leo tuzungumze habari za miguu, na tuanzie kwenye njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji.

Ukipanda gari moshi Tabora kwenda Kigoma utapita Urambo, kisha Kaliua, halafu Usinge, kabla ya kufika Nguruka na mabonde ya Malagarasi. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, pembe, vitambaa, shanga na chumvi ya Uvinza vilipita pande hizo juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, kwa safari ya miezi kama mitatu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Tusiwasahau pia waliopitishwa njia hiyo wakiwa watumwa, bila ujira na bila hiari. Biashara yote ile, ya halali na ya haramu, ilisimama juu ya nyayo za watu.

Na nyayo zilipogoma, hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Mwaka 1870 Dk. David Livingstone alikuwa Bambarre, katika nchi ya Wamanyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vidonda vilimla miguu, naye akakaa ndani ya kibanda siku 80, tangu Julai 22 hadi Oktoba 10. Dawa aliyoiona inamfaa ilikuwa jiwe la malakiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Vidonda vyake havikuwa vya kisukari, lakini vina funzo kwetu. Livingstone alilala kibandani kwa sababu mguu ulimuuma kila alipoukanyaga. Maumivu ndiyo yaliyokuwa daktari wake, yakamwamuru apumzike. Alipona, akatembea hadi Ujiji, na mapema mwaka 1872 akafika Tabora pamoja na Stanley.

Habari ya pili ni ya Urambo, makao ya Mtemi Mirambo, kwenye reli hiyo hiyo ya Usinge. Mwaka 1879 alifika hapo Dk. Ebenezer Southon, mmisionari na tabibu. Mwaka 1882 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikamvunja mkono. Daktari pale alikuwa yeye mwenyewe. Ikabidi mmisionari mwenzake kutoka Uyui, Bwana Copplestone, ambaye hakuwa daktari, amkate mkono huku mgonjwa akimwelekeza. Southon alifariki Julai mwaka huo. Siku hizi tuna nusukaputi na dawa za kuua vijidudu, lakini kukata kiungo bado ni tiba ya mwisho, nayo mara nyingi huja baada ya nafasi nyingi kupotea.

Nafasi hizo ni zipi? Jibu lilitoka kwa watu waliodharauliwa kuliko wote, yaani wagonjwa wa ukoma. Katika mkoa huu huu wa Tabora, Wamoraviani wa Sikonge waliwatunza wagonjwa hao kwa miaka mingi. Huko Vellore, India, daktari mpasuaji Paul Brand aliwachunguza kwa makini. Watu waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alionyesha kwamba ugonjwa huua mishipa ya fahamu, na baada ya hapo mgonjwa hujiumiza bila kujua, kwa moto, kwa msumari, kwa kiatu kinachobana. Akashughulikia viatu vyenye soli laini ya mpira, akafundisha watu kukagua miguu yao kila siku. Baadaye, huko Marekani, elimu hiyo ikawafaa wenye kisukari, kwa sababu sukari ikizidi damuni miaka mingi huua mishipa hiyo hiyo, na hubana pia mishipa ya damu.

Hapa kwetu kisukari kilionekana kama ugonjwa wa mbali. Uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wagonjwa hawafiki mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri havikufanana, lakini mwelekeo unaonekana.

Huko Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili na wenzake waliona wagonjwa wengi wakija wamechelewa, mguu umeshaoza. Mwaka 2005 waliandika habari ya wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasiamke. Panya anakula, mwenye mguu anakoroma! Katika miaka hiyo ulianzishwa mpango wa Hatua kwa Hatua, Tanzania na India, kwa fedha za Shirika la Kisukari Duniani lenye makao Denmark. Mpango huo haukujenga jumba. Ulichukua daktari na muuguzi kutoka vituo vya mikoani, ukawafundisha pamoja kupima hisia za mguu, kuchonga sugu na kusafisha kidonda, ukawapa vifaa, kisha ukawaita tena kwa mafunzo ya juu. Na pale ulipofanya kazi, watu waliokatwa miguu walipungua.

Mimi naona hapo ndipo msaada wa hisani ulipotumika kwa akili, maana mfadhili akiondoka, elimu hubaki mikononi mwa muuguzi. Lakini muuguzi huhamishwa, hustaafu, na wembe wa kuchongea sugu huisha makali. Mkulima wa tumbaku wa Usinge akipoteza mguu, amepoteza shamba na ada za watoto. Je, tutangoja mfadhili mwingine aje kununua wembe? Halmashauri inayoweza kununua mafuta ya magari haiwezi kushindwa na wembe, pamba na kiti cha kukagulia miguu katika zahanati.

Na sisi wenyewe tuna kazi yetu. Mwaka 2011 madaktari wa Ipswich, Uingereza, walionyesha kipimo kisicho na gharama. Mgonjwa afumbe macho, nawe mguse polepole kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Akikosa kusikia mara mbili au zaidi katika sita, mguu wake uko hatarini. Huyo asitembee peku hata uani. Makatambuga ni mazuri kuliko peku, lakini kiatu kisichobana chenye soli laini ndani ni bora zaidi. Akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Asiote moto kwa miguu. Aache sigara, hata kama tumbaku ni ya shamba lake. Kila jioni aangalie nyayo, na asipoweza kuinama, mjukuu amwangalizie. Akiona lengelenge au jeraha, hata kama haliumi, aende zahanati kesho yake asubuhi, asingoje siku ya gulio. Kwake yeye, jeraha lisilouma ndilo la kuogopwa zaidi.