Kiyoyozi cha zamani: Kitengenezwe au kinunuliwe kipya?

KILA joto la Desemba linapoingia Dar es Salaam, wenye nyumba wengi hurudi kwenye swali lile lile: kiyoyozi cha zamani kitengenezwe tena, au kinunuliwe kipya?

Wengi huamua kwa hasira, baada ya kuona uniti za LUKU zikiisha mapema. Hata hivyo, si kila ulaji wa umeme unatokana na uzee. Chujio lililojaa vumbi na koili ya nje iliyoganda uchafu huilazimisha kompresa kufanya kazi muda mrefu zaidi kwa ubaridi ule ule. Usafi utangulie.

Kisha kifuate kipimo. Mita isomwe usiku kabla ya kulala na isomwe tena asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Usiku mwingine ifanyike hivyo hivyo kikiwa kimezimwa. Tofauti ndiyo gharama halisi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 chenye kompresa ya kasi moja huvuta takriban kilowati moja kinapopoza, yaani uniti nane kwa saa nane iwapo kompresa haipumziki. Aina ya inveta, inayopunguza kasi chumba kikishapoa, hutumia pungufu ya hapo. Faida hiyo humfikia anayelala nacho usiku kucha. Anayekiwasha saa moja tu hatarudisha fedha zake upesi. Tena vifaa vya elektroniki vya inveta huharibiwa na umeme unaopanda na kushuka, hivyo bei ya stabilaiza ihesabiwe humo humo.

Lililo zito zaidi ni gesi. Aina yake huandikwa kwenye kibandiko cha mtambo wa nje. Ikiwa ni R-22, kiyoyozi hicho kinategemea bidhaa inayoondolewa sokoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, inayolinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 ifikapo mwaka 2025 na kuziacha mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika; ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta tundu anauza gesi, hatengenezi. Hatari zaidi ni kujaza gesi isiyo yake: R-410A ina mgandamizo mkubwa kuliko mtambo wa R-22 unavyoweza kuhimili, na propani katika mtambo usiotengenezwa kwa ajili yake inaweza kuwaka moto.

Kwa hiyo kiyoyozi cha R-22 kinachopoza na kisichovuja hakina sababu ya kung'olewa leo. Kompresa ikifa, au koili ikitobolewa na kutu ya chumvi ya bahari, fedha za matengenezo ni afadhali ziingie kwenye kipya. Hapo mabomba ya zamani nayo yabadilishwe, kwa kuwa mafuta ya kompresa yaliyobaki ndani hayapatani na gesi mpya.