Miaka Minne Bila Ukomo wa Mwendo

Anayedhani kuwapunguzia madereva mwendo mijini ni wazo la juzi, aitazame historia ya Uingereza. Kwa sheria ya 1903 gari halikuruhusiwa kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Sheria ya 1930 ikaufuta ukomo huo kwa magari madogo, kwa kuwa madereva hawakuutii na iliaminika busara yao ingetosha. Haikutosha. Mwaka 1934 pekee watu 7,343 waliuawa barabarani, karibu nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, katika nchi iliyokuwa na magari machache mno kuliko ya leo. Serikali ilipotaka kurudisha ukomo, safari hii maili 30, mbunge Moore-Brabazon alipinga. Aliwakumbusha wenzake kwamba zamani waligonga kuku na mbwa wengi, lakini sasa mbwa wamejifunza kukwepa magari. Mambo yangejirekebisha yenyewe. Kauli hiyo inatisha, na bado ndiyo msingi wa pingamizi nyingi tunazozisikia leo: anayetembea ndiye ajifunze kukwepa, anayeendesha asiguswe.

Ukomo wa maili 30 ulianza Machi 1935, na vifo vya mwaka huo vikashuka hadi takriban 6,500. Ni haki kukiri kwamba vivuko vya waenda kwa miguu na mtihani wa lazima wa udereva vilikuja kipindi hichohicho, hivyo sifa yote si ya ukomo. Lakini kanuni ya fizikia haibadiliki: gari la maili 30 hubeba nishati ya mgongano zaidi ya mara mbili ya lile la maili 20, na mtoto aliyekatiza ghafla hana namna ya kuipunguza. Dereva anayo.

Wales ilipoteremsha ukomo wa mitaa mingi hadi maili 20, Septemba 2023, mamia ya maelfu ya watu walitia saini kuupinga, wakilalamikia muda utakaopotea. Malalamiko hayo si ya kubeza kwa anayeishi mbali na kazi. Hata hivyo, mjini muda mwingi huliwa na taa, makutano na foleni, na mwendo mkubwa kati ya taa moja na nyingine hauokoi mengi. Serikali ilisikiliza, ikaziruhusu halmashauri kurudisha maili 30 kwenye baadhi ya barabara kuu. Mitaa ya makazi ikabaki na 20. Katika miezi iliyofuata mabadiliko ya 2023, waliouawa na kujeruhiwa kwenye barabara za maili 20 na 30 kwa jumla walipungua kwa takriban robo.