Maarifa Yaliyofika Kanombe

Mkazi wa Kigali akisema mgonjwa wake amehamishiwa Kanombe, hakuna anayeuliza Kanombe ipi. Eneo hilo la wilaya ya Kicukiro lina uwanja wa ndege wa kimataifa, lina kambi ya jeshi, lina jumba la zamani la rais ambalo sasa ni makumbusho. Kwa mwenye mgonjwa, Kanombe ni hospitali. Ilianzishwa 1968 kwa ajili ya wanajeshi na familia zao. Baadaye milango ikafunguliwa kwa raia, na siku hizi hao ndio wengi kwenye foleni.

Historia za hospitali huandikwa kwa majengo na vitanda. Ya Kanombe inaweza kusimuliwa kwa swali jingine: daktari wake alijuaje yaliyogunduliwa na wenzake ng'ambo?

Hospitali ilipofunguliwa, chuo kikuu cha Butare, kilichokuwa kikifundisha udaktari, kilikuwa na umri wa miaka 5 tu. Masomo yalikuwa ya Kifaransa. Aliyetaka kujua mapya alihitaji Index Medicus, faharasa ya makala za tiba iliyoanzishwa 1879 na John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyeikuza maktaba ya ofisi ya daktari mkuu wa jeshi hilo. Maktaba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote za tiba duniani. Hospitali ya kijeshi ina haki ya kujidai kidogo kwa hilo.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Msomaji alifungua juzuu nene, akatafuta jina la ugonjwa, akapata mstari mmoja: mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida lililofupishwa, ukurasa. Makala haikuwemo. Kama jarida halikuwa rafuni, alimwandikia mwandishi kadi ya posta kumwomba nakala, kisha akangoja wiki kadhaa, huku mgonjwa akiwa kitandani.

Mwaka 1964 Wamarekani waliikabidhi faharasa hiyo kwa kompyuta, na 1971 wakaiunganisha na laini za simu kwa jina la MEDLINE. Afrika Mashariki haikufaidi mengi. Wakutubi wake walibuni njia zao: Kampala, Maktaba ya Albert Cook ya Makerere ilichambua makala, ikatoa muhtasari na kuusambaza hadi kwenye vituo vya afya vijijini. Baadaye Shirika la Afya Duniani nalo lilipeleka wilayani masanduku ya chuma ya buluu yenye vitabu zaidi ya 100, maktaba nzima inayobebeka kwenye gari.

Nchini Rwanda ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwachukua madaktari na wauguzi pamoja na wagonjwa wao. Waliobaki hai wengi walikuwa wametawanyika. Chuo cha Butare kilifungua tena 1995. Kwa nchi iliyokuwa ikitafuta hata watu wa kushika zamu, jarida jipya lilikuwa anasa.

Ndiyo maana tarehe mbili zilizofuata zina uzito. Mwaka 1997 PubMed, tovuti ya kutafutia makala za MEDLINE, ilifunguliwa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ila daktari alisoma muhtasari, akibonyeza makala anakutana na bei. Mapema 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa 6 wakaanzisha HINARI: majarida yapatayo 1,500 kwa taasisi za nchi maskini, bila malipo. Aliyeandikishwa ni taasisi, si daktari. Jina la kuingilia na nywila vilitolewa kwa hospitali au chuo kizima. Hapo mkutubi, ambaye wengi walimwona kama mlinzi wa rafu, akawa mtu wa kutafutwa tangu asubuhi.

Zawadi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliwafungia wasomaji wa Bangladesh majarida yapatayo 2,500, wakaja kuyarudisha baada ya kelele kubwa.

Rwanda yenyewe ilikuwa inageuka. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na vitabu vingi vya Kifaransa vikabaki rafuni bila wasomaji wapya. Mkongo wa mawasiliano ukatandazwa nchini, kisha 2012 ukaja mpango wa kuongeza wataalamu wa afya, ambapo wahadhiri wa vyuo vya Marekani walifundisha madaktari wanaosomea ubingwa katika hospitali kadhaa, Kanombe ikiwemo. Vitabu vilikuwa vimefika kabla yao. Walicholeta ni mazoea ya kuhojiana kando ya kitanda: dawa hii umeichagua kwa ushahidi gani?

Matokeo yanaonekana vizuri zaidi katika kituo cha saratani kilichoanza kutibu hapo hapo Kanombe 2019, cha kwanza nchini kutibu kwa mionzi, kikiwa na mashine mbili. Awali wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, na mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika 2016. Kabla ya mionzi kuwashwa, mgonjwa hupigwa picha za CT. Daktari huchora kwenye skrini mipaka ya uvimbe na ya viungo vya kuepushwa, na mtaalamu wa fizikia hukokotoa dozi. Kiasi cha mionzi ambacho uti wa mgongo unaweza kustahimili hakibuniwi Kigali. Kimetokana na tafiti za miaka mingi zilizochapishwa majaridani.

Siku hizi maarifa husafiri pia kutoka Kigali kwenda nje. Homa ya Marburg ilipotangazwa Septemba 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafariki, idadi ndogo kuliko ilivyozoeleka kwa ugonjwa huo, na wataalamu wa Rwanda waliandika katika majarida ya kimataifa jinsi walivyowahudumia.

HINARI bado inaiweka Rwanda katika kundi lisilolipa. Nchi zilizojimudu kidogo huhamishiwa kundi la pili, ambako kila taasisi hulipa ada ya mwaka. Uchumi ukizidi kukua, hospitali na vyuo vya Rwanda vitalazimika kuitafutia ada hiyo fungu katika bajeti zao.