Peugeot Ilipona, Kiyoyozi Kikafa

Kiwanda cha Peugeot nchini Ufaransa kiliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983. Miaka ishirini baadaye gari hilo lilikuwa bado linapanda mlima kutoka Sagana kuelekea Karatina, na fundi wa Nyeri aliyepewa injini yake iliyochoka hakutetereka: aliifungua, akaikarabati, akaifunga. Lakini katika Peugeot hizohizo, na katika Mercedes na Range Rover za enzi hiyo, kiyoyozi kilipoharibika kiliachwa. Mkanda wake ulikatwa, kompresa ikang'olewa ili injini ipumzike, na swichi ikabaki kwenye dashibodi bila kazi. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba spea zake zilikoma kuundwa. Jibu hilo halinitoshi, maana spea za injini na za breki nazo zilikoma, na bado zilipatikana. Ninachodai ni kwamba gari la zamani, au kiungo chake chochote, hakifi siku kiwanda kinapofunga milango. Hufa kinapokosa wenzake wa kutosha karibu nacho, kwa sababu wingi wa vitu vya aina moja ndio unaoleta spea na ndio unaomfundisha fundi. Historia ya gereji za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu inaonyesha hivyo, kwa injini iliyopona na kwa kiyoyozi kilichokufa.

Wapo wanaopenda kuanzisha historia hii kwa wahunzi wa Wakikuyu. Scoresby na Katherine Routledge, walioishi Nyeri kati ya 1906 na 1908, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1910 jinsi mchanga wenye chuma ulivyookotwa na kuoshwa, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto ya ngozi, kisha ukafuliwa kuwa silaha na zana. Ni habari nzuri kusoma, na mhunzi alikuwa mtu wa kuogopewa kwa laana yake. Hata hivyo sioni mstari ulionyooka kutoka kwake hadi kwa fundi wa magari; chuma cha kununua dukani kiliua uyeyushaji mapema mno. Njia iliyo wazi zaidi ni ile aliyoionyesha Kenneth King katika utafiti wake uliochapishwa 1977: mafundi wengi wa Kiafrika walijifunzia katika karakana za Wahindi, ambako kijana aliingia kama msaidizi wa kushika spana, akaiiba kazi kwa macho, kisha akatoka kwenda kujitegemea. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliongeza njia nyingine, kwani jeshi la Waingereza lilifundisha vijana wengi wa Kenya kuendesha na kutunza malori. Kisha ikaja miaka ya Mau Mau, na misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikatoa ushahidi wa aina yake: bunduki za kujitengenezea, mtutu ukiwa bomba la maji, komeo la mlango likifanya kazi ya kipigio, na ukanda wa mpira wa tyubu ukichukua nafasi ya springi. Baadhi zilimdhuru aliyefyatua kabla ya adui. Lakini zinatuambia kwamba kufikia miaka ya 1950 palikuwa na watu wa kutosha eneo hili waliojua kuangalia kifaa cha kiwandani, kutambua kila sehemu yake inafanya kazi gani, na kutafuta kitu kingine cha kufanya kazi hiyo.

Uwezo huo ungebaki wa mtu mmoja mmoja kama Peugeot isingekuja kwa wingi. Modeli ya 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na katika mashindano ya 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kumshawishi mkulima wa kahawa wa Mathira kuliko hilo. Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya magari ya abiria mwaka 1973, stesheni wagoni za 504 zikawa teksi za safari ndefu kati ya Nairobi na miji ya mlima, na pikapu zake zikabeba mazao. Ziliendelea kuunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, hadi mwanzo wa karne hii. Upande wa pili, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na leseni za kuagiza bidhaa kutoka nje zilibana biashara hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Magari yalikuwa mengi na spea chache, na katika hali hiyo gereji ilikua haraka. Silinda ya breki iliyolika ilipanuliwa kwenye mashine ya kukereza na kuvikwa bomba jipya ndani. Breki zilibandikwa bitana mpya na kupigwa ribiti. Rediyeta ilifumuliwa na kuzibwa kwa risasi, stata na alteneta zikasukwa waya upya. Gari lililopinduka likawa ghala la spea kwa yaliyobaki, na kisichopatikana Nyeri kilifuatwa Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972 uliziita shughuli za namna hii sekta isiyo rasmi na kuitaka serikali iache kuzisumbua. Walichokiona kilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya wingi: fundi aliyefungua injini ileile mara nyingi hakuhitaji kitabu.

Kiyoyozi hakikupata nafasi hiyo. Pikapu na stesheni wagoni zilizojaa mlimani kwa kawaida ziliuzwa bila nacho, kwa kuwa kiliongeza bei na kilikula nguvu ya injini. Waliokuwa nacho walikuwa watu wa tabaka la juu: wakubwa serikalini, makampuni, wenye mashamba makubwa ya Nanyuki na Timau. Magari yao yalihudumiwa na mawakala Nairobi, kwa hiyo fundi wa Karatina hakuyafungua. Wingi ulikuja baadaye, soko la magari yaliyotumika kutoka Japani lilipofunguka katika miaka ya 1990. Corolla na Sunny zilifika na kiyoyozi iwe mnunuzi alikitaka au la, na polepole vibao vya kujaza gesi vikaonekana mijini. Ila wingi huo ulikuja na gesi nyingine. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wa Japani walikuwa wameiacha gesi ya R-12 na kuhamia R-134a. Kisha kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 ikazuia kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na baada ya muda mfupi hakuna gari la R-12 lililoweza kupita bandarini. Magari ya zamani yaliyokuwa yamebaki mlimani hayakuongezewa hata ndugu mmoja.

Atasema mtu: Nyeri kuna baridi, mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,750, nani alihitaji kiyoyozi? Pingamizi hili linasikika kila mahali na lina kasoro mbili. Kwanza, kazi ya kiyoyozi si kupoza tu. Asubuhi ya Julai, gari likiwa na abiria waliojaa na makoti yenye unyevu, kioo cha mbele hufunikwa na ukungu kwa ndani. Evaporeta huukamata unyevu huo ukawa maji yanayodondoka chini ya gari, na hita hupasha hewa iliyokwisha kukauka. Dereva asiye nacho hufuta kioo kwa kitambaa huku akiendesha. Pili, watu wa mlima hawakai mlimani. Nanyuki hadi Isiolo ni kilomita zipatazo 80, na ni kushuka kutoka kwenye sweta hadi kwenye joto la nyika. Anayeelekea Nairobi kwa njia ya Sagana na Makutano hupita joto la tambarare za Mwea. Isitoshe, wenye magari ya karibuni hulipa kujaziwa gesi papo hapo Nyeri, katika baridi ileile. Hali ya hewa haiwezi kueleza kwa nini kiyoyozi cha gari moja kinatunzwa na cha jingine kinang'olewa.

Pingamizi zito zaidi linahusu gesi yenyewe. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao sekretarieti yake iko hapahapa Gigiri, Nairobi, ulizitaka nchi tajiri ziache kutengeneza R-12 kufikia mwisho wa 1995, na nchi kama Kenya ziiache kufikia 2010, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Inaonekana basi kwamba sheria ndiyo iliyoua viyoyozi vya zamani. Ila kuhamisha mfumo wa R-12 uende kwa R-134a ni kazi inayojulikana duniani kote. Mafuta ya zamani ya madini hutolewa, kwa kuwa hayachanganyiki na gesi mpya, na mahali pake hutiwa ya esta. Draya hubadilishwa, oringi huwekwa za mpira unaostahimili, na gesi hujazwa pungufu kidogo, kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Hakuna hatua hapo inayomshinda mtu aliyejua kuvika silinda ya breki. Kinachomshinda ni mambo madogo ambayo hujulikana kwa kurudia tu. Chukua geji ya utupu. Vitabu husema kabla ya kujaza gesi pampu ivute hewa hadi sindano ikaribie inchi 30 za zebaki chini ya sufuri. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Nyeri hewa ni nyepesi, na hata pampu bora kuliko zote itaisimamisha sindano karibu na 24. Fundi mgeni ataona 24 na kuanza kusaka uvujaji usiokuwepo, atabadilisha oringi zote, kisha atamwambia mwenye gari kwamba mfumo umekwisha. Aliyejaza magari ya mjini kwa miaka anajua kuwa 24 inayotulia bila kurudi ndiyo afya.

Hata spea zenyewe hazikupotea kwa usawa. Kompresa za Sanden, kampuni iliyoitwa Sankyo hadi 1982, zilifungwa kwenye magari ya Ulaya, malori na matrekta, na modeli za baadaye zilihifadhi masikio ya kufungia ya zile za kwanza; zikipishana, bamba la chuma na mchomeleaji anayejua kunyoosha puli vinatosha. Kondensa ni ya kutafuta yoyote inayoenea mbele ya rediyeta, na ya kisasa hupoza vizuri kuliko ya awali. Hozi huweza kukatwa na kubanwa upya, mradi iwe yenye utando wa ndani wa kuzuia gesi, maana ya haidroli ya trekta huipitisha polepole. Kikwazo cha kweli ni evaporeta, iliyojificha nyuma ya dashibodi kwa umbo la gari hilo peke yake. Hiyo haina binamu, na gari la kuitolea likiwa halipo, njia iliyobaki ni kufunga kisanduku kizima cha jumla chini ya dashibodi, jambo ambalo mwenye Mercedes hulichukia.

Nakubali kwamba wingi una ubaya wake. Kazi ya gesi iliyoenea haraka ilizoesha mafundi wengi kufungua valvu na kuiachia gesi hewani, na kujaza mfumo unaovuja bila kuziba tundu, mteja arudi baada ya miezi michache. R-134a haigusi ozoni, lakini hupasha dunia joto kwa kiasi kikubwa mno kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Mafundi hawa hawakujifunza uangalifu pamoja na kazi, na sitawatetea katika hilo. Jaribio jingine limekwisha kufika mlimani: magari ya haibridi kama Toyota Aqua, ambayo kompresa yake huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi na hudai mafuta yasiyopitisha umeme. Anayetia mafuta ya PAG ya Corolla humo huharibu ukinzani wa nyaya za ndani, na gari hujizima kwa usalama. Kosa hilo litafanyika mara nyingi kabla ya kueleweka. Lakini Aqua ni nyingi na zinaendelea kuja, hivyo nategemea ifikapo wakati Toyota itakapoacha spea zake, Karatina patakuwa na mtu wa kuikarabati. Kwa Peugeot 505 yenye evaporeta iliyotoboka, sitegemei.