Mkongo Kwanza, Ulinzi Baadaye

Mwaka 2019 nilipanga foleni Bombambili, hapa Songea, kusajili upya laini yangu ya simu. Kijana aliyekaa chini ya mwavuli alichukua namba yangu ya kitambulisho cha Taifa, kisha akanielekeza kuweka kidole juu ya kifaa. Nilimuuliza alama ile itahifadhiwa wapi. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, weka kidole, foleni ni ndefu." Nikaweka.

Jibu lile limebeba historia ya intaneti katika nchi yetu: njia hutangulia, ulinzi hufuata kwa kuchelewa.

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaisambaza neema hiyo mikoani. Mkulima wa mahindi akapokea malipo yake simuni. Tapeli naye akamfuata huko huko. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Hata hivyo, sheria hiyo ilimtazama zaidi mwananchi akoseaye mtandaoni kuliko taasisi iliyoshika taarifa zake.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Sheria mahsusi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa miaka minne, vidole vyetu vilitangulia sheria ya kuvilinda.

Wapo wasemao kwamba nchi changa haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wazo lenyewe lingekuwa geni. Lakini haki ya faragha imo katika ibara ya 16 ya Katiba yetu tangu mwaka 1984, na ibara hiyo inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria. Tulilijua deni hilo kabla ya mkongo wowote kugusa pwani yetu.

Neno la siri likivuja, hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Kwa hiyo, mtumishi wa umma utakayeketi mezani kesho kukusanya taarifa za watu, jiandae kujibu swali langu la Bombambili. Nawe mwanafunzi, liulize, hata kama foleni ni ndefu.