WHOIS: daftari la majina lililoachwa wazi

Juzi nilikuwa nikimsajilia mteja jina la tovuti, na nilipofika kwenye fomu ya maelezo ya mwenye jina nikasita, kama ninavyosita kila mara. Kisa chake ni hiki.

Miaka ya 2000, ukiandika neno whois kwenye tarakilishi yako kisha jina la tovuti ya .com, ulipewa kila kitu: aliyelisajili, anwani, barua pepe na simu. Hukuombwa nywila. Hukuulizwa wewe ni nani.

Walioanzisha mambo haya hawakuwa na nia mbaya. Katika miaka ya 1970, Elizabeth Feinler na wenzake wa SRI, Menlo Park, California, ndio waliotunza orodha ya watu na mashine za ARPANET, mtandao uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Machi 1982, Ken Harrenstien na Vic White walichapisha waraka RFC 812, ulioeleza jinsi tarakilishi itakavyojibu maswali hayo yenyewe kupitia mlango nambari 43. Kila mwenye uwezo wa kutuma data katika mtandao huo aliombwa ajiandikishe: jina kamili, anwani ya posta, simu na barua pepe. Kijiji cha wahandisi kilikuwa kidogo. Mashine ya mwenzako ikileta matata usiku, unampigia simu.

Kijiji kikawa jiji, daftari likabaki pale pale. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. ICANN ilipoundwa mwaka 1998, mikataba yake na wasajili ililazimu maelezo hayo yawe wazi kwa umma. Uungwana wa jirani ukageuka sharti. Mwaka 2002 Bob Parsons akaanzisha Domains By Proxy, kampuni iliyoweka jina lake mahali pa jina lako kwa malipo. Yaani ulilipia jina, kisha ukalipia kufichwa!

Mimi sikulipia. Mwaka 2006 rafiki yangu mmoja hapa Nairobi aliniomba nimtengenezee tovuti ya kikundi chake, kilichosaidia wanawake waliotoroka waume wenye ngumi. Kwenye tovuti hatukutaja jina la mtu, na tuliweka simu ya ofisi pekee. Lakini fomu ya usajili ilitaka msimamizi, nami nikajaza majina yake matatu na nambari yake ya mkononi. Fomu ilitaka pia mtaa na nambari ya nyumba, nikaandika S.L.P., kwa vile hapa kwetu barua haziletwi mlangoni. Namshukuru Mungu kwa sanduku la posta.

Baada ya miezi michache mwanamume alimpigia usiku, akamwita kwa majina yote matatu, akamuuliza mkewe yuko wapi. Rafiki yangu alibadilisha laini na kulala kwa dada yake wiki mbili. Nilirekebisha rekodi siku hiyo hiyo, lakini kuna kampuni zinazohifadhi rekodi za zamani za WHOIS na kuziuza. Nilichokifuta hakikufutika.

Mambo yaligeuka tarehe 25 Mei 2018, sheria ya data ya Ulaya, GDPR, ilipoanza kutumika. ICANN ilishtaki msajili wa Kijerumani, EPAG, aliyekataa kukusanya maelezo ya msimamizi na fundi. Mahakama ya Bonn haikuona kwa nini yalihitajika zaidi ya yale ya mwenye jina. Niliposoma hukumu hiyo nilikumbuka ile nambari ya mkononi. Niliijaza kwenye nafasi ya msimamizi.

Wapelelezi wa ulaghai wa mtandaoni walilalamika, na nawaelewa. Rekodi hizo ziliwasaidia kuunganisha tovuti za matapeli. Tangu tarehe 28 Januari 2025, majina kama .com hayalazimiki tena kuwa na WHOIS. Yanatumia RDAP, ambayo inaweza kumjibu kila muulizaji kulingana na haki yake.

Ukisajili jina, usidanganye kwenye fomu, kwani unaweza kunyang'anywa. Washa huduma ya kuficha kabla ya kulipa, si baadaye. Tumia barua pepe na laini za kazi hiyo tu. Tovuti ya rafiki yangu bado iko hewani, na nambari iliyo kwenye rekodi yake ni yangu.